Panya amepona siko seli; mbona mtoto wangu bado?

"Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kayole, Nairobi. Binti yangu wa pili ana miaka 9 na ana siko seli. Anatumia dawa ya haidroksiyurea. Majuzi kwenye kundi letu la WhatsApp la wazazi mtu alituma video ya panya waliowekewa jeni za binadamu wakaugua siko seli, halafu wakatibiwa kwa jeni wakapona kabisa. Tangu siku hiyo sina usingizi. Kama panya mwenye damu ya binadamu amepona, mtoto wangu anangojea nini? Mzazi mmoja anasema kuna kliniki hapa mjini inaandikisha watoto wa kupewa tiba hiyo, unatanguliza shilingi laki mbili. Mwingine amemwachisha mwanawe dawa ili mwili uwe safi wakati wa tiba ya jeni. Mume wangu hataki hata kusikia. Anasema kumchanganya mtu na mnyama ni laana, tena anashuku kwamba damu aliyotolewa binti yetu kwa ajili ya utafiti ndiyo inayotumiwa kutengeneza panya hao. Tafadhali nieleze ukweli na unishauri la kufanya."

Mama, kuna mambo mawili yasiyoweza kungoja mwisho wa jibu hili. Binti yako asiachishwe haidroksiyurea, na zile laki mbili usizitoe. Sababu zinakuja, nitazieleza taratibu, kwa maana umeuliza mengi kwa pamoja na kila moja lina uzito wake.

Ninavyokusoma, kinachokukosesha usingizi ni wazo kwamba tiba imeshapatikana, wenzako wanaikimbilia, nawe umekaa tu huku mtoto akiumia. Video hiyo, kwa jinsi ulivyoieleza, haikudanganya kuhusu panya: walipona kweli. Ila panya waliofungua njia hiyo walitibiwa mwaka 2001, na dawa za aina hiyo zikaidhinishwa kwa wagonjwa Marekani mnamo Desemba 2023. Hapo katikati kuna miaka 22, na jibu la swali lako kubwa limo ndani ya miaka hiyo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu bila kuuelewa huwezi kuwaelewa panya. Siko seli, au selimundu, ni ugonjwa wa himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni ndani ya chembe za damu. Kwa binti yako, herufi moja ya DNA katika jeni ya beta globini, sehemu mojawapo ya protini hiyo, imebadilika, na amerithi badiliko hilo kwako na kwa baba yake pia. Herufi hiyo moja inafanya himoglobini, ikishaachilia oksijeni, ishikane na kujipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu. Chembe ya damu iliyopaswa kuwa laini na ya mviringo inapinda, inakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto analia usiku kucha akishika miguu. Tena chembe hizo hazidumu. Chembe nzima huishi siku kama 120. Za mgonjwa wa siko seli nyingi hufa kati ya siku 10 na 20. Ndiyo maana kila ukimpeleka kupimwa unaambiwa damu iko chini.

Panya hana ugonjwa huu. Himoglobini yake ni tofauti na yetu, na watafiti walipoanza kumwekea jeni ya binadamu yenye kasoro hiyo walipata panya ambaye hakuugua vya kutosha kuwafundisha kitu. Himoglobini yake mwenyewe ilikuwa inajichomeka katikati na kuzuia zile nyuzi zisiungane. Ikabidi jeni za himoglobini za panya zizimwe, za sehemu zake zote mbili, alfa na beta, na nafasi yake ichukuliwe na za binadamu. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1997, na timu mbili za Marekani zilichapisha matokeo yao mwezi mmoja: moja ya Berkeley, California, na nyingine ya Birmingham, Alabama. Wengi wa panya wa siko seli walioko maabara za dunia leo wanatokana na kazi ya timu hizo.

Kwa hiyo nirekebishe neno moja la kwenye video. Panya huyu hana damu ya binadamu. Ana chembe za damu za panya zilizojazwa himoglobini ya binadamu. Jeni zake ni kama 20,000, karibu sawa na zetu kwa idadi, na zilizobadilishwa ni chache mno, za kutengeneza protini hiyo moja. Ubongo wake ni wa panya, moyo wake unaopiga zaidi ya mara 500 kwa dakika ni wa panya, na akizaa anazaa panya.

Ukimshika mkononi, hata hivyo, utamhurumia. Mkia na nyayo ambazo kwa panya mzima zina wekundu wa damu, kwake zimepauka. Ukimpapasa tumbo upande wa kushoto unakutana na wengu uliovimba kupita kiasi. Na figo zake haziwezi kubana mkojo, kwa hiyo hukojoa mengi na mepesi. Nataja hili la mwisho kwa makusudi. Watoto wengi wenye siko seli hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa, na nimesikia wazazi wakiwachapa wakidhani ni uvivu. Ni figo. Himoglobini ileile inaziharibu figo za panya kwa namna ileile, na hapa mnyama huyu ametufunza jambo la kweli kuhusu mtoto. Kama binti yako bado anakojoa usiku, msimwaibishe, na msimnyime maji jioni; mwenye siko seli akikaukiwa na maji maumivu huwa karibu.

Sasa tuje kwenye kupona. Mwaka 2001 watafiti walichukua seli za uboho wa panya hawa, ule ulio ndani ya mifupa unaotengeneza damu, wakaziingizia jeni nzuri ya beta globini kwa kutumia kirusi kilichoondolewa uwezo wa kuzaana, kisha wakazirudisha mwilini. Chembe mpya zikazaliwa zikiwa na himoglobini inayokataa kushikana. Miaka 10 baadaye, mwaka 2011, kundi la watafiti wa Boston lilionyesha njia nyingine, na hii ningependa uielewe vizuri maana inagusa dawa iliyo kabatini mwako.

Kumbuka binti yako akiwa mchanga. Yawezekana miezi ile ya kwanza hukuona shida yoyote. Daktari mmoja wa watoto wa New York, Janet Watson, alilitambua hilo tangu 1948: watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu hukaa salama kwa miezi kadhaa, kwa sababu bado wana himoglobini ya kichanga, ile ya tumboni, ambayo haishikani. Baada ya hapo mwili huizima na kuwasha ya utu uzima, na matatizo yanaanza. Kuna jeni inayosimamia uzimaji huo, inaitwa BCL11A. Watu wa Boston waliiondoa jeni hiyo katika seli za damu za panya wa siko seli, himoglobini ya kichanga ikarudi, na ugonjwa ukatulia. Panya wa kawaida asingeweza kujibu swali hilo, kwa sababu himoglobini ya kichanga kama yetu hana. Ilibidi apewe na hiyo pia kutoka kwa binadamu. Tiba iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, inafuata njia hiyo hasa: seli za mgonjwa hutolewa, sehemu inayoiwasha BCL11A kwenye seli za damu hukatwa, na seli hurudishwa.

Na haidroksiyurea ya binti yako? Nayo hufanya kazi kwa kuongeza himoglobini ileile ya kichanga, ila kwa kiwango cha chini na kwa muda ule tu anaoimeza. Yule mama aliyemwachisha mwanawe amemnyima leo msaada wa aina ileile anaoungojea kesho. Nadhani najua alikoitoa fikra yake, maana ina chembe ya ukweli: wagonjwa wanaopewa Casgevy huachishwa haidroksiyurea takriban wiki 8 kabla ya seli zao kukusanywa. Lakini hao wameshapangiwa tarehe, wako chini ya madaktari, na katika wiki hizo wanabadilishiwa damu mara kwa mara ili wasizidiwe. Kuiacha dawa nyumbani, bila tarehe na bila damu ya kubadilishiwa, ni kumwacha mtoto wazi.

Utaniuliza, basi miaka yote hiyo kutoka 2001 walikuwa wakifanya nini? Walikuwa wakitafuta majibu ambayo panya hana. Panya aliyepewa jeni ya binadamu anajibu swali lililowekwa ndani yake. Ukimwekea himoglobini ya binadamu atakuambia habari za himoglobini. Yaliyobaki mwilini mwake yanabaki kuwa ya panya, na huwezi kuyasoma kama ya mtoto.

Chukua ule wengu. Kwa panya wa siko seli wengu huvimba na kubaki umevimba maisha yake yote. Kwa mtoto wa siko seli huanza kwa kuvimba, kisha mishipa yake inaziba mara kwa mara hadi unasinyaa na kufa kabisa, mara nyingi kabla hajafika miaka 5. Wengu ni askari wa kukamata bakteria kwenye damu. Ndiyo sababu watoto wetu hufa kwa nimonia na maambukizi ya damu, na ndiyo sababu hupewa penisilini kila siku utotoni na chanjo ya nimokokasi, bakteria wa nimonia. Mtafiti angetegemea panya peke yake, hatari hiyo kubwa kuliko zote kwa mtoto mdogo asingeiona ilivyo.

Halafu kuna muda. Panya wa maabara huishi kama miaka miwili. Tiba ya jeni inapewa kijana ambaye tunataka afike miaka 70, na madhara mengine huchukua miaka kujitokeza. Mgonjwa wa kwanza wa siko seli kutibiwa kwa jeni nzuri iliyobebwa na kirusi alikuwa kijana wa miaka 13, alitibiwa Paris mwaka 2014. Alifanya vizuri sana. Lakini katika majaribio yaliyofuata Marekani wapo wagonjwa waliopata saratani ya damu, na ile dawa ya pili iliyoidhinishwa Desemba 2023, Lyfgenia, hubeba onyo zito kuhusu saratani hizo kwenye karatasi yake. Hata majaribio ya binadamu hayamalizi kila kitu. Oxbryta, vidonge vya siko seli vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, viliondolewa na kampuni yake katika masoko yote Septemba 2024 baada ya kuonekana kwamba hatari zinazidi faida, ikiwemo vifo. Dawa hiyo ilikuwa imepita kwa panya, ikapita kwa watu, ikauzwa miaka mitano.

Na kuna malaria, mama, ambayo ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu hapa tunazungumza habari zetu wenyewe. Panya wa siko seli anaishi kwenye chumba chenye hewa iliyochujwa, taa zinawashwa na kuzimwa kwa saa, hakuna mbu. Hata mbu angeingia, kimelea cha malaria kinachoua watoto wetu, falsiparamu, hakiwezi kuishi kwenye damu ya panya wa kawaida. Kwa miaka mingi haidroksiyurea ilitumika Marekani na Ulaya huku sisi tukiogopa: dawa hii hushusha chembe nyeupe, je, mtoto wa Siaya au wa Kilifi si atazidiwa na malaria na maambukizi mengine? Hakuna panya wala mtoto wa Chicago aliyeweza kutujibu. Jibu lilitoka kwa watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Uganda na Kenya, wa kwetu wakiwa Kilifi, katika utafiti ulioitwa REACH uliochapishwa mwaka 2019. Walipolinganishwa na hali yao kabla ya dawa, maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, vifo vilipungua, na malaria tuliyoiogopa ikapungua karibu nusu. Hayo ndiyo matokeo yanayomhusu binti yako kwa karibu kuliko video yoyote. Yalipatikana Afrika, kwa watoto wenye miili kama yake, wanaoumwa na mbu walewale.

Nije kwa mzee wa nyumba, na nampa heshima yake, maana maswali yake ni ya mtu anayemlinda mtoto.

Kuhusu damu ya binti yenu. Panya niliowaeleza hawatengenezwi kwa damu ya mgonjwa yeyote wa leo. DNA iliyotumika iliandaliwa maabara miaka ya 1990, na tangu hapo panya hao wanazaana wenyewe kwa wenyewe. Vituo vikubwa kama Jackson Laboratory huko Maine, Marekani, huwafuga na kuwagandishia mbegu zao. Mtafiti anayewataka anawaagiza. Hahitaji damu ya mtoto wa Kayole.

Lakini sitamwambia mume wako kwamba hofu yake haina msingi wowote, kwa sababu ipo aina ya pili ya panya. Hawa jeni zao ni za panya, ila wamezaliwa bila kinga ya mwili, na kwa kuwa hawana kinga hawawezi kukataa kitu kigeni. Ukiwachoma seli shina za binadamu, zile seli mama zinazozaa chembe za damu, zinaingia kwenye uboho wao na kuanza kutengeneza chembe za damu za binadamu kweli. Zile seli za Casgevy, kabla hazijajaribiwa kwa mgonjwa, zilipimwa kwa njia hii: je, zikishakatwa bado zinaweza kuishi miezi mwilini na kuzaa chembe? Panya wa namna hii wakiwekewa chembe nyekundu za binadamu au seli za ini la binadamu ndio wanaotumika pia kupima dawa za malaria ya falsiparamu. Kwa panya hawa, seli za binadamu hutoka kwa mtu fulani, na mtu huyo lazima awe ameridhia.

Basi dawa ya shaka yake iko kwenye karatasi. Mlipokubali binti atolewe damu kwa utafiti, mlitia saini fomu ya ridhaa na mlipaswa kubaki na nakala. Itafuteni muisome pamoja. Inapaswa kusema damu inatumika kufanya nini, itahifadhiwa muda gani, kama itapelekwa nje ya nchi, na kama inaweza kutumika katika tafiti nyingine baadaye. Chini kuna simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti. Msiposhika jambo, pigeni. Kama nakala hamna, rudini hospitalini mkaiombe. Ni haki yenu. Mnaweza kujitoa wakati wowote bila binti yenu kupoteza huduma yake ya kawaida, na mkitaka sampuli iliyobaki isitumike tena, semeni hivyo wazi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za jeni kuwa taarifa nyeti. Mzazi anayeuliza hasumbui mtu.

Kuhusu laana, mimi si mchungaji wala shehe, na mambo ya imani atayapima na viongozi wake. Ninachoweza kumpa ni habari ya kufikiria. Insulini ambayo watu wengi wa kisukari hujichoma hapa Nairobi kila asubuhi hutengenezwa na bakteria au hamira iliyowekewa jeni ya binadamu. Imekuwa sokoni tangu 1982, na hakuna anayeiona bakteria hiyo kuwa mtu nusu. Swali la maadili ambalo mimi hulichukulia kwa uzito mkubwa zaidi ni lile la mateso ya mnyama. Panya wa siko seli anaugua kwelikweli. Tangu 1959 watafiti wana kanuni tatu: pasipo na ulazima wa mnyama, asitumike, akitumika, watumike wachache iwezekanavyo, na wanaotumika wapunguziwe maumivu. Kamati inayoidhinisha kazi hizi inapaswa kuyauliza hayo kabla panya wa kwanza hajaguswa. Mtu akiniambia kazi yake haihitaji kamati, siendelei kumsikiliza.

Hapo tunafika kwenye ile kliniki. Utafiti wa kweli haumtozi mgonjwa pesa ili aingie. Kwa kawaida ndio unaomrudishia nauli. Dawa ikiwa bado inajaribiwa Kenya, lazima kuwe na idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu, idhini ya kamati ya maadili, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na majaribio hayo huandikishwa kwenye orodha ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama. Wakidai ni tiba iliyokwisha kuidhinishwa, hesabu hazikubaliani. Casgevy pekee ilitangazwa Marekani kwa dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi milioni 280 za Kenya, kabla ya gharama za hospitali. Ilipoidhinishwa 2023 ilikuwa kwa wenye miaka 12 na zaidi; binti yako ana 9. Inahitaji mashine za kuchuja seli shina, maabara ya kuzihariri, na wodi ya kumtenga mgonjwa kwa wiki kadhaa kwa sababu kwanza hupewa kemikali kali inayofuta uboho wake wote. Ofisi iliyo juu ya maduka mjini haina hayo. Waulize kwa maandishi namba ya idhini yao, uipeleke Bodi ya Dawa na Sumu. Wakikuambia fanya haraka nafasi zinaisha, hilo lenyewe limekujibu.

Sasa njia zilizopo kweli kwa mtoto wa miaka 9 wa Kayole.

Ya kwanza ni ile aliyo nayo. Haidroksiyurea kila siku, kwa dozi inayopandishwa kulingana na uzito na vipimo. Hapa ndipo naona watoto wengi wanapoibiwa faida bila mtu kujua: mtoto alianzishwa dozi akiwa na kilo 15, leo ana kilo 26, na dozi ni ileile. Uliza kliniki ijayo, "Dozi hii inalingana na uzito wake wa leo?" Kipimo cha chembe za damu kifanywe kwa ratiba, kwa sababu chembe nyeupe zikishuka sana dawa husimamishwa kidogo kisha huendelea. Pamoja nayo kuna asidi ya foliki, dawa ya kuzuia malaria ambayo kwetu mara nyingi ni proguanili, chandarua, na maji mengi. Uliza pia kama hospitali inaweza kumpima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Kipimo hicho hakina maumivu na huonyesha mtoto aliye katika hatari kubwa ya kiharusi kabla hakijampata.

Ya pili ni kupandikizwa uboho wa ndugu. Hii ndiyo tiba ya kuponya iliyo na historia ndefu kuliko ya jeni, na ajabu ni kwamba watu wa video hawaitaji. Umesema una watoto watatu. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye, na hata ndugu mwenye jeni moja ya siko seli asiyeumwa anaweza kutoa. Kwa watoto wenye ndugu anayelingana kikamilifu, zaidi ya 9 kati ya 10 huishi, na wengi wao hupona ugonjwa. Upande wa pili ni mzito: kemikali zilezile za kufuta uboho, hatari ya kutopata watoto baadaye, hatari ya uboho mpya kuushambulia mwili, na gharama ambayo familia nyingi za Kenya hulazimika kuichangisha kwa harambee ili kumpeleka mtoto India. Sikuambii uikimbilie. Nakuambia kwamba kama binti yako anapata maumivu makali mara kwa mara licha ya dawa, au amewahi kupata kiharusi, omba rufaa kwa daktari bingwa wa damu, mathalani katika Hospitali ya Kenyatta, mlizungumzie jambo hili kinagaubaga. Kama dawa imemtuliza, una nafasi ya kusubiri na kutazama.

Ya tatu, tiba ya jeni, kwa leo ni habari ya kufuatilia. Naamini itashuka bei na itafika. Watafiti wanatafuta njia ya kuzihariri seli ndani ya mwili kwa sindano, bila kufuta uboho, na majaribio hayo nayo yanapita kwa panya wa aina hizihizi. Mtoto anayefika miaka 15 au 20 akiwa na figo nzima, ubongo mzima na moyo mzima ndiye atakayeweza kuipokea.

Kuna dalili ambazo hazifai kungoja siku ya kliniki, wala kunisubiri mimi. Homa ya nyuzi 38 au zaidi. Maumivu ya kifua au kupumua kwa shida. Kupauka ghafla au tumbo kuvimba upande wa kushoto. Mkono au mguu mmoja kulegea, mdomo kwenda upande, kushindwa kusema vizuri, kichwa kuuma vibaya. Maumivu yasiyosikia dawa ya nyumbani. Katika yote haya nenda hospitali usiku huohuo, kwako ya karibu ikiwa Mama Lucy, na ukifika mapokezi sema kabla ya yote, "Huyu ana siko seli," usisubiri kwenye foleni wakuulize.

Na yule mama wa kundini, tafadhali mpigie leo, msizungumze kwa ujumbe mbele ya watu. Mwambie asimrudishie mwanawe vidonge kwa kukisia dozi, maana sijui ameacha tangu lini wala damu yake ikoje sasa. Ampeleke kliniki wiki hii, aeleze wazi tarehe aliyoacha, wampime chembe za damu, na wamwanzishe tena wao. Wahudumu wakimkaripia, avumilie. Kama mtoto ana homa leo, waende leo.